Kungoja Majibu ya Sukari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa reli, Maseno)



Kamati imetuomba tuseme leo juu ya jambo ambalo si la nyongeza ya mshahara wala si la nyumba, ingawa laweza kugusa mshahara na nyumba ya kila mmoja aliyeketi hapa. Ni ule wasiwasi unaompata mtu anapoambiwa na mganga, "Sukari yako yaonekana iko juu, nenda ukapimwe tena." Mtu huyo hajaambiwa kwamba ana kisukari. Wala hajaambiwa kwamba hana. Anarudi kazini akiwa katikati, na kukaa katikati ni kuzito kuliko watu wanavyofikiri.

Sisi si madaktari, ni watu wa reli tu. Tutakayoyasema tumeyauliza kwa waganga na tumeyasoma, na kuna mengine ambayo tumeyaona katika magenge yetu wenyewe.

Mwenzetu mmoja wa kazi ya njia, ambaye jina lake hatulitaji, alikuwa akimaliza maji ya lita tano kabla ya adhuhuri. Watu walisema ni jua. Hapa Maseno tuko juu ya mstari wa Ikweta, nani asiyeona kiu akishika sururu? Lakini usiku pia alikuwa akiamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na mshipi wake wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Alikwenda dispensari, akachomwa kidole, akapewa karatasi aende hospitali kupimwa sawasawa. Karatasi ile aliikunja akaitia ndani ya kofia yake ya kazi, na ikakaa humo majuma matatu. Mkewe hakujua. Mnyapara hakujua. Alipoulizwa baadaye alikuwa akiogopa nini, hakutaja kifo hata kidogo. Alisema, "Naliogopa kuandikwa."

Ndugu zangu, neno hilo litazameni vizuri. Kuandikwa mgonjwa. Aliona kwamba ugonjwa usioandikwa bado si ugonjwa, na kwamba siku jina lake litakapoingia katika kitabu cha hospitali, ndiyo siku litakapotoka katika kitabu cha kazi. Wengi wetu tuna hofu hiyo hiyo, ila tunaipa majina mengine. Mmoja husema hana nafasi, mwingine kwamba foleni ni ndefu, na mwingine husema atakwenda baada ya mavuno.

Basi tuanze na karatasi yenyewe. Ile namba ya kidole ni dalili tu, haitoshi kuwa hukumu. Kwa mtu ambaye hajala chochote kwa muda wa saa nane au zaidi, kipimo cha damu cha maabara kikifika milimoli 7.0 kwa lita au kupita, hapo ndipo waganga huanza kusema kisukari. Kwa mtu aliyekula, aliyepimwa saa yo yote, ni 11.1 au zaidi, pamoja na dalili zile za kiu, mkojo mwingi na kukonda. Kama mtu hana dalili, hawamwandiki kwa kipimo kimoja, hupimwa tena. Kiko pia kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120 nazo hubeba alama ya sukari muda wote huo. Hapo mpaka ni asilimia 6.5. Kwa hiyo wale wanaojinyima chai ya sukari siku tatu kabla ya kupimwa, ili ati wapite mtihani, wanajisumbua bure. Damu ina kumbukumbu ndefu kuliko hiyo.

Hapa kwetu kando ya Ziwa liko neno moja la kumwambia mganga mapema. Ukoo wenye sikoseli, yaani selimundu, au mtu mwenye upungufu wa damu, kipimo hicho cha HbA1c chaweza kumdanganya, kikaonyesha chini au juu kuliko ilivyo. Mganga akijua, atatumia kipimo kingine. Vile vile homa kali, au kidonda kilichoharibika, huweza kupandisha sukari kwa muda. Mtu aliyepimwa akiwa na malaria yafaa aseme hivyo.

Na ninyi wa zamu ya usiku, sikieni hili. Mtu hutoka kazini saa moja asubuhi, anapita hospitali na kusema, "Sijala." Kumbe saa kumi za usiku alikunywa kikombe cha chai yenye vijiko vinne na andazi juu yake. Kwa maabara huyo amekula. Maji matupu hayadhuru, chai ndiyo huharibu kipimo. Afadhali kusema kweli na kupangiwa siku ya mapumziko kuliko kupewa namba ya uwongo na kuikalia mwezi mzima.

Watu huuliza ugonjwa huu hutoka wapi. Njia yetu ya reli hupita katikati ya mashamba ya miwa, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, na wako wanaosema kwa mzaha kwamba tunaupata kwa kuvuta hewa ya huko. Hapana. Katika tumbo kuna kongosho, nalo hutoa kitu kiitwacho insulini. Garimoshi haliingii sehemu ya njia bila kibali, na sukari iliyo katika damu haiingii katika nyama za mwili bila insulini. Kwa wengine kongosho limeacha kutoa insulini kabisa. Hao mara nyingi ni vijana, na kwao mambo huenda haraka. Kwa wengine, walio wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitii kama zamani. Hapo huingia uzito wa tumbo, kukaa kitako, umri, na damu ya ukoo. Soda na chai tamu kupita kiasi huongeza uzito na huongeza hatari, lakini mtu mwembamba asiyeonja sukari naye aweza kuugua. Kwa hiyo msimcheke mwenzenu kwamba amejiletea.

Sasa habari ya kuogopa kuandikwa, kwa maana hiyo ndiyo iliyotuleta hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mfanya kazi aliyetumika miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiasi cha chini. Mapatano ya chama yaweza kuwa bora zaidi, basi ulizeni. Na kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri akifikiria kumwachisha mtu kazi kwa sababu mwili wake hauwezi, hana budi kwanza kumweleza sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mwakilishi wa chama, amchague mwenyewe, awe karibu naye wakati wa maelezo hayo, na maneno yao yasikilizwe. Mtu asiitwe ofisini peke yake akatoka na barua mkononi. Akiitwa, aseme, "Namngoja mwakilishi wangu."

Hatuwaahidi kwamba kazi ya kila mtu haitaguswa. Huo ungekuwa uwongo. Dereva wa garimoshi anayechomwa sindano ya insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge, aweza kushukiwa na sukari ghafula, akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa, na nyuma yake kuna mabehewa na watu. Huyo hana budi kusema na daktari na kupangiwa kazi kwa akili. Lakini wengi wanaoanza matibabu huanza na chakula, mwendo, na kidonge cha metformini, ambacho peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Gadi, karani, fundi wa shedi, mtu wa gengi, wengi wao huendelea na kazi yao ile ile. Anayejificha ndiye aliye hatarini zaidi, maana siku atakapoanguka njiani hakuna atakayejua la kumfanyia.

Juu ya fedha, kila mwezi mshahara wetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii, iliyoshika mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 1924, yaani 2024, samahani, ulimi umeteleza. (Vicheko.) Tunalipa, basi tuitumie. Kila mtu ahakikishe kwamba ameandikishwa pamoja na mkewe na watoto, na kwamba makato yake yamefika, kabla hajaugua. Mtu asingoje kuyauliza hayo akiwa amelala kitandani.

Tuje kwenye usiku, maana mchana kazi humsahaulisha mtu. Maseno ni mahali Wajaluo na Waluhya wanapokutana, na kila lugha ina hadithi yake ya mguu uliokatwa. Mtu anayengoja majibu huletewa hadithi hizo zote. Mjomba wa fulani alipofuka. Jirani wa fulani alikatwa mguu huko Kisumu. Wanaoeleza hawana nia mbaya, lakini hawasemi yule mjomba alikaa miaka mingapi bila dawa. Macho, figo na miguu huharibika kwa sukari iliyoachwa juu kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka, na ndiyo maana kupimwa mapema kuna faida. Zamani ilikuwa hukumu kweli. Insulini ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Alikuwa karibu kufa. Akaishi miaka 13 zaidi. Na dawa ile ya mwanzo ilikuwa chafu ukilinganisha na ya leo.

Iko pia hofu ambayo wanaume hawaitamki mbele ya watu, nayo ni ya nguvu za kiume. Twaitaja hapa ili isije ikawarudisha watu nyumbani. Sukari ya muda mrefu yaweza kuleta shida hiyo, na wasiwasi peke yake waweza kuileta pia. Waganga wanaisikia kila siku, na iko tiba. Aibu hiyo isimfanye mtu akaishia Luanda au Kibuye kununua chupa ya mizizi. Hatuwadharau wazee wetu, ila mwenye kuuza hana kipimo cha kuona kama sukari imeshuka.

Kuna mambo ambayo tumeona yanasaidia. Mtu asitoke hospitali bila kujua namba yake ilikuwa ngapi, kama alipimwa amekula au la, na atarudi tarehe gani. Aombe aandikiwe. Aliyeambiwa "rudi" bila siku hana mwisho wa kungoja. Kisha amwambie mtu mmoja, mmoja tu yatosha, na kwa mwenye mke tungependa awe mkewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayepika. Aende kupimwa na mwenzake, maana masikio mawili yaliyojaa hofu hayasikii vizuri anayosema daktari. Mwenye kusali na asali, na aliye na majibu ya kuchukua ayachukue.

Kujinyima chakula chote hakufai. Ugali si sumu. Sahani iwe na sukuma wiki au osuga zaidi, ngege au omena, na ugali upungue. Kama majibu yatakuwa ya katikati, juu ya kawaida lakini chini ya kisukari, hapo pana nafasi kubwa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 wa hali hiyo, ulionyesha kwamba kutembea kwa dakika 150 kwa juma na kupunguza uzito kidogo kulipunguza walioingia katika kisukari kwa asilimia 58. Ninyi wa gengi mnatembea kuliko hayo. Ninyi wa ofisi mnajijua.

Miguu itazamwe kila jioni. Kokoto za reli huingia katika buti, na mtu ambaye sukari imemfisha ganzi hasikii. Buti lililotoboka lisivaliwe, lipelekwe stoo likabadilishwe, na stoo ikikataa mje kwetu.

Yako mambo yasiyongoja tarehe yo yote. Mwenye kiu nyingi akianza kutapika, akipumua kwa nguvu na haraka, pumzi ikinuka kama matunda, au akisinzia isivyo kawaida, apelekwe siku ile ile, hospitali ya misheni hapa hapa au ile ya rufaa Kisumu, ambayo wengi bado wanaiita Russia. Usiku au mchana. Ombeni gari kwa mtu ye yote.

Yule mwenzetu wa kofia alikwenda mwishowe, na mke akaenda naye. Majibu yake ni yake, hatuyatangazi. Yuko kazini.

Bwana Mwenyekiti, Kamati imepanga kwamba mwanachama anayetaka kusindikizwa kwenda kupimwa ampe Katibu jina lake na siku yake ya mapumziko baada ya mkutano huu. Katika daftari lile hapataandikwa ugonjwa wo wote, ila jina na siku. Katibu ameketi pale mlangoni. Sasa twapokea maswali.