Michango Ifike Kabla ya Masika



Sisi wa Dar es Salaam tunaijua Lushoto ya Desemba. Tunafika Mombo tukitokwa jasho, gari linakata kona za kilomita 33, na tukifika Soni tunatafuta masweta. Tunanunua plamsi ndoo nzima, tunasalimia wazee, tunarudi.

Lushoto ya Aprili wengi wetu tumeisahau. Masika yakiporomosha udongo, gari la mboga linalala njiani, na kabichi ya kwenda Kariakoo inaozea kwenye tenga. Hasara ni ya mama aliyelima. Dalali yeye hupandisha bei tu, na hapo mhasibu mimi hushindwa kunyamaza.

Sasa daftari letu. Ahadi za Desemba nyingi huingia Juni, wakati nyumbani watu wanaota moto kwa baridi na mvua imeshapita na barabara ya kijiji. Mitaro na makalavati ni kazi ya Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu.

Kwa hiyo anayeahidi laki atoe elfu hamsini leo, iliyobaki kabla ya Januari kwisha. Asiye nazo, akienda likizo aulizie jembe. Kazi inaanza Jumamosi ya kwanza ya mwaka.