KISU CHA MFUKONI KISICHOTISHA JIRANI

(Mazungumzo tuliyotoa katika semina ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa kwa sababu wanachama wengi waliomba.)



Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wa vitalu vya miche, leo hatukuja kuongea juu ya mikopo. Tumekuja kuongea juu ya kisu. Najua wengine mnacheka. Hata sisi ofisini tulicheka, mpaka siku ile tulipoitwa stendi ya matatu mbio mbio.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumefundisha kikundi kimoja kupandikiza miembe na avokado, na mwishoni tukawanunulia wanachama visu. Tuliangalia mambo mawili tu: bei na makali. Vilikuwa visu vyeusi, virefu, na meno kama ya msumeno mgongoni. Tuliona ni vizuri, ni vya kisasa. Basi kijana mmoja alitoka kupandikiza miti kwa jirani, akapanda matatu akiwa amechoka, akatoa kisu ili amenye chungwa. Kile kisu kilifunguka kwa kubonyeza kitufe, kwa! Mama aliyeketi karibu naye akapiga ukemi. Makanga akamkamata shati. Walipofika stendi, watu walikuwa wanauliza mawe yako wapi. Aliyemwokoa ni nyanya mmoja aliyemjua, akasimama mbele yake akisema, "Huyu ni fundi wa miembe! Amenipandikizia mimi!"

Ndugu zetu, kijana hakuwa na kosa. Na yule mama pia hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua kisu.

Kwa nini watu waliogopa hivyo? Si mnajua tulikotoka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi hii, na baadhi yao walikatwa kwa panga, kifaa kile kile tunacholimia na kufyekea. Mtu aliyeona hayo hawezi kuambiwa tu, "Usiogope." Woga wake una sababu, nasi tuuheshimu.

Hata sheria inaangalia woga huo. Kifungu cha 88 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema ni kosa kutembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kumtia mtu hofu. Sikizeni vizuri: "kwa namna." Maana yake si urefu wa kisu peke yake. Ni jinsi ulivyokibeba na ulivyokitoa. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inatupa haki ya kukusanyika, lakini kwa amani na bila silaha.

Basi baada ya siku ile tuliketi na kikundi tukajiuliza: kisu cha kazi kiweje? Tulipata mambo matano.

Kwanza, urefu. Mche wa kupandikizwa huwa mnene kama penseli, na mkato wake wa mshazari ni kama sentimita nne. Kwa kazi hiyo ubapa wa sentimita sita au saba unatosha kabisa. Kazi inayotaka zaidi ya hapo ni ya panga, na panga likae shambani.

Pili, ncha. Uko ubapa ambao makali yake yamenyooka, na mgongo ndio unaoinama kufuata makali, kwa hivyo hauna ncha ya kuchoma. Waingereza wanauita kwa jina la mguu wa kondoo. Mabaharia waliupenda, kwa sababu merikebu ikiyumba mtu hajichomi wala hamchomi mwenzake. Kupandikiza, kukata kamba ya katani, kumenya chungwa, yote ni kazi ya makali. Ncha kali ya nini?

Tatu, kufunguka. Chagueni kisu cha kukunja kinachofunguliwa pole pole kwa mikono miwili, kwa kutia ukucha kwenye kijifuo. Kile cha kitufe kinamshtua hata mwenyewe. Lakini kiwe na kizuizi cha kukifunga kikiwa wazi, kisije kikajikunja na kukukata vidole. Kuna kisu cha Kifaransa kiitwacho Opinel, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1890, cha mpini wa mti. Tangu 1955 kimekuwa na pete ya chuma shingoni: ukiizungusha, ubapa hausogei. Si lazima mnunue hicho. Tunawaambia tu mjue namna ya kufikiri.

Nne, sura. Mpini wa mti, au wa rangi nyekundu au manjano, unasema "mimi ni kifaa." Tena ukianguka kwenye nyasi utauona. Cheusi chenye meno na picha za fuvu kinasema jambo lingine, hata kama mwenye kukibeba ni katekista.

Tano, chuma. Chuma cha kawaida kinanoleka upesi lakini kinashika kutu. Ukikata chungwa au embe ukipanguse na ukipake mafuta kidogo. Chuma kisichoshika kutu upesi kinataka subira zaidi kwenye jiwe la kunolea. Vyote viwili vinafaa. Ila msidhani kisu butu ndicho cha amani. Kisu butu kinakufanya usukume kwa nguvu, kinateleza, kinakukata. Na mti kinauchana badala ya kuukata, basi kitawi kinakauka na kazi yako yote imepotea.

Haya, umepata kisu kizuri. Bado kuna adabu yake. Mkiwa kati ya watu, sema kwanza: "Samahani mama, nataka kumenya chungwa." Kifungue chini, karibu na wewe. Ukimaliza, panguse, kunja, ndipo uendelee na maneno. Usiongee huku unaonyesha kidole kwa kisu. Ukimpa mwenzako, kikunje kwanza; kama hakikunjiki, mpe mpini.

Kibebe pamoja na kazi yake: kisu, utepe wa nailoni, kitambaa na spiriti ya kupangusia, vyote katika kimkoba kimoja. Askari akifungua ataona kazi kabla ya kuona kisu. Ukifika kwenye mlango wenye ulinzi, mwambie mlinzi kabla hajakupekua. Lakini ziko mahali pa kukiacha nyumbani kabisa: barazani, mahakamani, kwenye mkutano wa siasa, kwenye treni ya Nairobi na Mombasa, na mahali pa pombe. Petro alikuwa na upanga bustanini, na nia yake ilikuwa kumtetea Bwana. Hata hivyo sikio la mtu lilikatika. Nia njema haitoshi.

Na yule kijana? Alikaa wiki tatu bila kushika kisu, wala kupanda matatu ile. Tulikwenda kumwomba msamaha nyumbani, mbele ya wazazi wake. Tulikusanya visu vyote tukawapa vingine, vifupi, vya mpini wa mti. Kisha siku ya soko tulifuatana naye mpaka stendi. Akachukua mche, akamwonyesha makanga yule yule jinsi ya kupandikiza. Watu wakazunguka, safari hii bila mawe. Leo makanga ana miche miwili ya avokado kwake, na kijana anapandikizia watu wa stendi kwa malipo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Ni vifaa gani vya kazi katika kijiji chetu vinawatisha majirani, na kwa nini?
2. Kikundi chetu kinaponunua vifaa, tunaangalia bei tu, au pia tunamfikiria atakayeviona?
3. Mtu akishukiwa bure stendi au sokoni, nani kati yetu atasimama mbele yake kama yule nyanya?

Mungu awabariki na kazi ya mikono yenu.