Saruji, Nyumba na Haki ya Jirani

(Mada kwa viongozi wa walei na wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani izungumzie saruji. Mtasema hiyo ni kazi ya mafundi na wafanyabiashara, na kazi ya Kanisa ni roho za watu. Lakini watu wenye roho hizo hulala chini ya dari, hupanda ngazi na husali ndani ya kuta. Ukuta unapoanguka haumuulizi mtu dhehebu lake wala kabila lake. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kwanza kama watu tunaojenga, pili kama majirani na wafanyakazi wa viwanda, na tatu kama Wakristo ambao mara nyingi tunapokea msaada wa saruji.

1. Wajibu wa mwenye nyumba

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya kuweka ukingo kuzunguka paa lake, ili asianguke mtu na mwenye nyumba akahesabiwa damu yake. Zamani zile paa lilikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake kupunga upepo. Tuangalie vizuri amri hiyo inamwelekea nani. Haimwambii mgeni ajihadhari asianguke. Inamwambia mwenye nyumba ajenge vizuri kabla mgeni hajafika.

Sasa tutazame miji yetu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa zaidi ya 10 lililokuwa likiendelea kujengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la ghorofa 4 lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20.

Kila mara msiba wa namna hiyo unapotokea, husikika sauti ikisema, “Ni mapenzi ya Mungu.” Ndugu zetu, tuwe waangalifu na maneno hayo. Yesu alipokumbusha habari za mnara wa Siloamu ulioua watu 18, alikataa wazo kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine, akawataka wasikilizaji wake watubu. Toba kwetu sisi ina maana ya kuuliza ni nani aliyechora, ni nani aliyekagua, ni nani aliyepunguza nondo, na ni nani aliyenyamaza. Kumsingizia Mungu makosa ya wanadamu si imani.

2. Zege halihongeki

Mkaguzi aweza kupewa bahasha akatia sahihi. Zege halipokei bahasha. Lina sheria zake ambazo Muumba ameziweka katika vitu, na anayezivunja huonekana, hata kama ni baada ya miaka kumi.

Wengi hudhani kwamba zege hupata nguvu kwa kukauka juani. Sivyo. Saruji hushikamana na maji, na kwa muungano huo hugeuka kuwa kitu kigumu kama jiwe. Zege likinyimwa maji siku za mwanzo, muungano huo hukatika kabla ya kukamilika. Ndiyo maana zege lililomwagwa hufunikwa na kunyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7, na wahandisi huipima nguvu yake katika siku ya 28. Anayeondoa mbao na miti ya kushikilia jamvi mapema, ili azihamishie kwenye kazi nyingine, anaharakisha hatari.

Kinyume chake, maji yakizidi wakati wa kuchanganya, zege huwa laini na kumpendeza kibarua kwa kuwa halichoshi mikono. Lakini maji yale ya ziada yakisha kutoka huacha vitundu vingi ndani, na nguvu hupungua sana. Kwa kazi za kawaida za zege lenye nondo, mafundi wamezoea sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Kwa ghorofa, mhandisi ndiye apasaye kuamua. Mchanga wa baharini usiosafishwa una chumvi, na chumvi huozesha nondo ndani ya nguzo bila mtu kuona. Saruji iliyokaa sakafuni katika ghala lenye unyevu na kuanza kuganda mabonge imekwisha kupoteza nguvu, hata kama mfuko bado unasomeka kilo 50.

Mambo haya si siri. Fundi mwema anayajua. Mara nyingi tatizo ni tamaa ya mwenye jengo anayesema, “Punguza kidogo, hakuna atakayeona.” Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha nafaka. Anayepunguza saruji katika nguzo hufanya wizi uleule, ila huyu huiba pia usalama wa watoto ambao bado hawajazaliwa.

3. Wanaotutengenezea saruji

Saruji haitoki dukani. Hutoka ardhini. Mawe ya chokaa huchimbwa, husagwa pamoja na udongo, kisha huchomwa katika tanuri kubwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450. Kinachotoka, kiitwacho klinka, husagwa tena pamoja na jasi kidogo. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Vimejenga shule zetu, zahanati zetu na makanisa yetu. Tunalikiri jambo hili kwa shukrani.

Lakini pana gharama isiyoandikwa kwenye mfuko. Milima huchimbwa ikabaki mashimo. Vumbi lisipozuiwa huingia katika vifua vya wafanyakazi na majirani. Saruji mbichi huunguza ngozi ya kibarua asiye na glavu wala viatu vya mpira. Zaidi ya hayo, jiwe la chokaa linapochomwa hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile itokayo katika makaa yanayowasha tanuri. Kwa sababu hiyo utengenezaji wa saruji huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu duniani kote. Mkulima ambaye mvua zimemgeuka naye ni jirani wa kiwanda, hata akiishi mbali nacho.

Kwamba madhara yaweza kurekebishwa, tunao ushahidi. Mwaka 1971, katika machimbo ya Bamburi yaliyokuwa mwamba mtupu, mtaalamu René Haller alianza kupanda mivinje. Baadaye alileta jongoo ili watafune majani makavu yaliyoanguka, na udongo ukaanza kupatikana. Leo pale pana msitu na wanyama, na watu huenda kutembea. Basi kampuni ikituambia kwamba shimo haliwezi kuponywa, tutaijibu kwamba mahali pengine limeponywa.

Mafundisho ya Jamii ya Kanisa hayana uadui na viwanda. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea ujira wa haki kwa mfanyakazi. Yohane Paulo II, mwaka 1991, alikubali kwamba faida ni dalili ya kampuni kuendeshwa vizuri, lakini akafundisha kwamba si kipimo pekee, kwa maana hesabu zaweza kuwa nzuri huku watu wakidhalilishwa. Fransisko, mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

4. Msaada hauchukui nafasi ya haki

Tunafika sasa mahali panapotugusa sisi viongozi. Parokia inajenga ukumbi. Kampuni inaleta mifuko 100 ya saruji, picha zinapigwa, tunapiga makofi. Kupokea si dhambi, na kushukuru ni adabu. Lakini tujiulize: je, vibarua wa kampuni hiyo wana mikataba? Aliyeumia kazini alilipwa fidia? Waliohamishwa kupisha machimbo walipata haki yao? Vumbi limezuiwa?

Haki ni deni. Msaada ni zawadi. Mtu hawezi kumpa jirani zawadi kwa fedha anazodaiwa na jirani huyo huyo. Kampuni inayotoa jezi na madawati, huku ikikwepa deni lake kwa wafanyakazi na kwa kijiji, inatununulia ukimya. Na sisi tukinyamaza kwa ajili ya mifuko 100, tumeuza kwa bei nafuu kitu kisicho chetu.

Vilevile tusinyooshee kidole kampuni peke yake. Kokoto za ukumbi wetu mara nyingi zimepasuliwa kwa nyundo na kina mama wakaao juani, pengine na watoto waliopaswa kuwa shuleni. Tumewalipa bei gani kwa debe moja? Kibarua aliyebeba zege la altare yetu, je, alilipwa Jumamosi, au aliambiwa asubiri sadaka ya Jumapili? Mtume Yakobo anatukumbusha kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na Bwana husikia.

5. Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, jengo lolote la parokia, hata darasa la chekechea, liwe na mchoro, kibali na mtaalamu aliyesajiliwa. Mkandarasi asichaguliwe kwa sababu ni mwimbaji wa kwaya. Pili, kamati ya ujenzi iwe na watu wawili wanaokagua saruji inapofika, zege linapochanganywa na nondo zinapofungwa, na waandike kila siku. Tatu, kila msaada wa kampuni utangazwe kwa waamini pamoja na masharti yake, na usiwe na sharti la kunyamaza. Nne, jumuiya zilizo jirani na kiwanda au machimbo ziandike malalamiko kwa tarehe na kwa ushahidi, ziyapeleke kwa uongozi wa kampuni, serikali ya mtaa na mamlaka ya mazingira, na zisichoke kufuatilia.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

(a) Ni jengo gani katika mtaa wetu ambalo watu wanalihofia, na ni nani aliyekwisha kuarifiwa?

(b) Vibarua wanaojenga kwetu hulipwa nini, na hulipwa lini?

(c) Je, pana jambo tunaloogopa kulisema kwa sababu tulipokea msaada?

Ndugu wapendwa, mtoto atakayeingia darasani mwetu hataikagua nguzo. Ataegemea tu. Tumjengee nguzo inayostahili imani hiyo.

Mungu awabariki.