Nguo ya Kuazima Haisitiri: Nani Atalipia Filamu ya Mlalahoi?

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa maskani kadhaa za jijini Dar es Salaam. Tunaichapa yote kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwepo.



Sikuja hapa kama msomi. Elimu yangu ni ya sekondari, cheti kipo kabatini. Nauza habari moja moja kama muuza karanga, na wiki ambayo mhariri hakununua, sili vizuri. Kwa hiyo nikizungumzia mtu mwenye la kusema lakini hana senti ya kulisemea, nazungumzia ninachokijua.

Leo nataka tuzungumze habari ya fedha za filamu. Sisemi filamu za mapenzi na majini, hizo zina wenyewe. Nasema filamu zinazogusa maisha yako: machinga aliyehamishwa barabarani mwaka 2021, dada wa kazi za ndani anayedai mshahara, mzee aliyeporwa kiwanja. Nani analipia filamu kama hiyo? Usifanye haraka kujibu. Jibu ndilo linaloamua nini utaonyeshwa na nini utafichwa.

MAPANKI YALITUFUNZA NINI?

Wakubwa hapa wanakumbuka ile filamu tuliyozoea kuiita "ya mapanki". Jina lake hasa ni Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Hubert Sauper, raia wa Austria. Ilionyesha minofu ya sangara wa Ziwa Victoria ikipandishwa ndege Mwanza kwenda Ulaya, huku wenyeji wakibaki na vichwa na mifupa. Ilifika hadi kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani, kukawa na maandamano ya kuipinga, na mwandishi wa Kitanzania aliyeonekana ndani yake akasumbuliwa.

Wapo waliosema imetia chumvi, wapo waliosema imesema kweli. Siwaamulii. Swali langu ni jingine: kwa nini hadithi ya Mwanza ilisimuliwa na mtu wa Austria? Je, Mwanza hapakuwa na kijana mwenye macho? Alikuwepo! Macho alikuwa nayo, akili alikuwa nayo, na lugha ya wavuvi aliijua kuliko Sauper. Kilichokosekana ni fungu la fedha. Mwenye fungu ndiye aliyesimulia, sisi tukabaki kulalamika kwamba ametusimulia vibaya.

RUZUKU NI KITU GANI?

Sasa twende polepole. Ruzuku si mkopo. Hairudishwi. Mfuko unakupa fedha utengeneze filamu, nawe unatoa hesabu ya kila shilingi na kuikabidhi kazi. Basi. Hakuna mnada wa kitanda chako.

Mifuko hiyo ipo duniani, na si siri ya watoto wa vigogo. Upo Hubert Bals Fund wa tamasha la Rotterdam kule Uholanzi, ulioanza mwaka 1988. Upo World Cinema Fund wa tamasha la Berlin, ulioanza mwaka 2004. Upo IDFA Bertha Fund wa Amsterdam, wa filamu za makala, ulioanza mwaka 1998 kwa jina jingine. Na jirani kabisa, Nairobi, upo Docubox, mfuko wa filamu za makala wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa na Judy Kibinge, mwongozaji wa Kenya.

Mifuko hii haitoi fedha kwa mkupuo mmoja. Kuna fungu la kuandika na kuchunguza, kuna la kupiga picha, kuna la kumalizia, yaani kuhariri, sauti na rangi. Na wanachotaka kuona si suti yako. Wanataka kurasa chache zinazosema hadithi ni ipi, wewe una uhusiano gani nayo, kwa nini isimuliwe sasa, bajeti yake, na vipande vya picha ulivyokwisha kupiga hata kama ni kwa simu. Hapo ndipo vijana wengi wanapoanguka. Mtu ana hadithi ya moto, lakini bajeti yake kaandika mstari mmoja: "Jumla milioni ishirini." Milioni ishirini za nini? Usafiri? Chakula? Kumlipa mhariri? Mfuko hauwezi kukubali fumbo.

Na hapohapo nikutahadharishe. Matapeli nao wameijua njia hii. Ukipigiwa simu kwamba umeshinda ruzuku usiyoiomba, na utume kwanza "ada ya kufungulia faili", kata simu. Kabla hujatuma kitu, soma masharti ya mfuko wenyewe, uliza waliowahi kupewa.

FEDHA HIZO ZIMEZAA NINI?

Mwongozaji Sam Soko wa Kenya alimfuata kwa miaka kadhaa mwanaharakati Boniface Mwangi, hadi Mwangi alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Inaonyesha mtu anayetaka siasa bila kununua kura, na mke na watoto wanaolipa gharama ya ushujaa wake. Inaitwa Softie. Januari 2020 ilipata tuzo ya uhariri katika tamasha la Sundance, Marekani. Docubox ni miongoni mwa walioishika mkono. Benki gani ingekopesha filamu ya miaka saba kuhusu mtu anayepigwa virungu?

Ipo nyingine, The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ya pwani ya Kenya. Bibi kizee anaitwa mchawi, na nyuma ya uchawi huo kuna ardhi watu wanayoitamani. Sisi ambao tumesikia habari za vikongwe wa Shinyanga kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, hatuhitaji kutafsiriwa. Filamu hiyo nayo ilibebwa na ruzuku, na Kenya ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar.

Hapa kwetu Amil Shivji aliichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaifanya filamu ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa kupigania uhuru. Mwaka 2021 ikaonyeshwa Toronto, kisha ikapata tuzo Ouagadougou na Carthage. Lakini ilibidi watayarishaji wa nchi zaidi ya moja washikane mikono ndipo ikakamilika. Riwaya yetu, bahari yetu, historia yetu, na bado hodi tulipiga kwa jirani.

MASHARTI YA MWENYE NGUO

Sasa msije mkaondoka hapa mnashangilia mzungu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikilizeni kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal, anayeitwa baba wa sinema ya Afrika. Miaka ya 1960 Ufaransa ilikuwa na ofisi maalumu ya kusaidia filamu za waliokuwa makoloni yake. Sembène akapeleka mswada wa La Noire de..., hadithi ya msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani na kugeuzwa mtumwa. Ofisi ikakataa. Alipoitengeneza kwa njia nyingine, mwaka 1966, ikawa filamu inayosomwa hadi leo. Mfadhili anapenda ukweli, ila usiwe ukweli unaomhusu yeye!

Na kuna mtego wa pili, mtulivu zaidi. Mfuko wa sanaa unauliza, "Una hadithi gani?" Shirika la misaada linakuja na hadithi yake mfukoni. Mwaka huu ni UKIMWI, mwakani ni uzazi wa mpango, mwaka wa tatu ni mazingira. Sisemi kazi hizo ni mbaya. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012 kwa fedha za Wamarekani, ilikuwa na waigizaji wazuri na picha safi, watu wakaipenda. Lakini bomba lile lilikuwa mikononi mwa nani? Mwaka 2025 serikali ya Washington iliifunga USAID yenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata si ndugu.

HATARI YAKE

Nisiwafiche. Fedha ikipatikana, bado kuna rungu. Moses Bwayo wa Uganda, mmoja wa waongozaji wa filamu ya Bobi Wine iliyoingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2024, alipigwa risasi ya mpira usoni akirekodi kampeni, na baadaye akaihama nchi yake. Mei 2025 watengeneza filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa, wakihusishwa na makala ya BBC juu ya vijana waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024. BBC yenyewe ilisema watu hao hawakushiriki kuitengeneza.

Ndiyo maana nawaambia, katika bajeti yako weka mstari wa wakili na mstari wa kuhifadhi picha nakala mbili mahali pawili tofauti. Mfuko makini hautakushangaa. Utajua umekomaa. Na usimpige picha shahidi maskini usoni kwa sababu wewe unataka tuzo. Wewe utapanda ndege kwenda tamasha, yeye atabaki mtaani na mjumbe wake.

BURKINA FASO WALIWEZAJE?

Utasikia wakubwa wanasema, "Nchi yetu ni maskini, filamu ni anasa." Danganya toto hiyo! Mwaka 1970 Burkina Faso, wakati huo ikiitwa Volta ya Juu, ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Majumba ya sinema yalikuwa ya makampuni ya kigeni. Yalipogombana na serikali juu ya bei ya tiketi na kodi, serikali ikayataifisha, kisha ikaamua asilimia 15 ya mapato ya tiketi iingie kwenye mfuko wa kutengeneza filamu za wananchi. Yule mkulima aliyelipa kiingilio kuangalia filamu ya Kihindi alikuwa anachangia filamu ya kwao bila kufilisika. Mwaka 1982 Gaston Kaboré akatoa Wend Kuuni, na dunia ikajua jina la nchi hiyo kwa jambo jema. Na tamasha lao, FESPACO, lililoanza mwaka 1969, ndilo hilohilo lililompa tuzo Shivji wetu.

Senegal nao, baada ya kuchoka kupiga hodi Paris, wameanzisha mfuko wao, FOPICA. Félicité, ya Alain Gomis, iliyopata tuzo kubwa Ouagadougou mwaka 2017, ilipata msaada wake.

Sisi je? Tulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu mwaka 1968. Ilishiriki kutengeneza Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, kisha ikafifia hadi ikafa. Leo tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, lakini kilichotangazwa kwa wasanii ni mikopo kupitia mabenki. Mkopo unamfaa mwenye biashara ya harusi na matangazo. Anayetaka kufuatilia mgogoro wa ardhi miaka mitatu atarudisha marejesho kwa kitu gani? Nilipouliza katika ofisi moja ya mikopo, karani aliniangalia juu hadi chini akauliza: "Una hati ya nyumba?" Ningekuwa na nyumba ningekuwa naandika habari za kuuza moja moja?

TUDAI NINI?

Mimi sina dola, nina mdomo. Nadhani tudai mambo matatu.

Kwanza, sehemu ya mfuko wa umma iwe ruzuku, si mkopo, kwa filamu ambazo soko haziwezi kuzilipia. Fedha ipo. Kila unaponunua bando au vocha unalipa kodi ya ongezeko la thamani. Umeshalipa kiingilio, ndugu yangu, filamu tu ndiyo hujaonyeshwa.

Pili, wanaochagua nani apewe wasiwe wateule wa waziri. Wawe wasanii, waandishi na walimu, wenye muda maalumu, na majina ya waliopewa na kiasi walichopewa yabandikwe hadharani. Nasema hivi hata kama kesho wanaotawala ni wale mimi na wewe tunaowapigia kura. Fungu la kumpa kijana amuulize mkubwa swali lisishikwe na mkubwa mwenyewe, awe wa chama chochote.

Tatu, kila filamu iliyolipwa kwa kodi ya mlalahoi irudi kwake. Ionyeshwe Tandale, Buguruni na Mbagala, kwenye vibanda hivihivi tunavyoangalia mpira, kabla ya kwenda kulia machozi ya heshima Ulaya.

Wakati tunadai, tusikae. Jiungeni watatu: mmoja ana simu nzuri, mmoja anajua kuhariri, mmoja anajua kuandika barua. Chagueni hadithi moja ya mtaa wenu. Pigeni dakika tano. Andikeni kurasa tatu na bajeti yenye mistari. Pelekeni. Mkikataliwa, ombeni sababu, rekebisheni, pelekeni tena.

Miaka ishirini ijayo mtu atataka kujua maisha ya kijana wa Dar es Salaam yalikuwaje wakati huu. Atatafuta picha. Akizikuta za mgeni tu, au za sherehe za wakubwa tu, asituulize. Atakuwa amekwisha pata jibu.

Sasa maswali, na mwenye swali la kunikopa aniache.