Kengele Isiyolia: Uraibu wa Afyuni na Magonjwa ya Kifua Kitui na Makueni



Nilipopewa mada hii, mwenzangu mmoja aliniuliza huku akicheka kama sijapotea njia, maana unga, yaani heroini, ni mambo ya Mombasa na Malindi, na huku kwetu shida ni pombe. Sikumbishia sana. Mimi mwenyewe nikiulizwa ni kileo gani kinachonitisha zaidi Ukambani, nitataja pombe kabla hujamaliza swali. Lakini pombe ina wasemaji wengi, na kila warsha ina mada yake. Unga huku hauna msemaji, na ndiyo maana mgonjwa wake hutupita mikononi bila kutambulika.

Tazameni barabara. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na kipande kirefu chake kiko Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Malori hulala hapo, abiria hushuka kunywa chai. Vijana wa Kitui na Makueni nao wako Changamwe na Mikindani kwa miaka mingi, bandarini, kwenye magereji, kwenye malori. Mwaka 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi baharini mbali na pwani yetu. Mzigo kama huo haupiti nchi bila kudondosha chochote njiani. Na kijana aliyeonja huko akizidiwa na ugonjwa, mara nyingi haendi kwenye vituo vya tiba ya uraibu vya Mathari wala Malindi. Anarudi kwa mamake.

Tumchukue kijana wa kufikirika. Ana miaka 27, alikuwa utingo wa lori, alianza kwa kuvuta unga uliochanganywa na bangi, ile wanayoiita kokteli. Sasa yuko Mutomo, Kitui, amekonda, usiku anatoa jasho hadi shuka linaloa. Mwaitu wake, yaani mamake, anamleta kwenye zahanati na kusema mji umemla mwanangu. Sisi tunamuuliza yale maswali manne tunayoyajua hata usingizini. Unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito?

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu uraibu wa afyuni unayavuruga maswali yote manne. Uzito umepungua, lakini mraibu hukonda hata bila TB, maana pesa ya chakula imekwenda kwenye kete za unga. Jasho lipo, lakini arosto, yale mateso ya kukosa unga, nayo humtoa mtu jasho, ikamtia baridi, kamasi, miayo na vipele vya kuku wa kunyonyolewa. Homa anaweza kuidhania ni baridi ya arosto. Basi dalili tatu za kifua kikuu zinaonekana kama uraibu, na ile ya nne, kikohozi, ambayo ndiyo tunayoitegemea kuliko zote, afyuni huinyamazisha.

Hilo la kikohozi si ajali. Heroini ilizaliwa kwa ajili hiyo. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, wakati ambapo TB na nimonia zilikuwa zikiua watu kwa wingi na daktari hakuwa na dawa ya kuua vijidudu vyenyewe. Ilifanya kazi, ikiwa kazi ni kumfanya mgonjwa alale bila kukohoa. Vijidudu viliendelea na shughuli zao. Kodeini, binamu yake, bado iko kwenye baadhi ya chupa za dawa ya kikohozi, na sote tunamjua mgonjwa aliyezunguka kemisti tatu akinunua chupa baada ya chupa kabla hajafika kwetu kutoa makohozi. Si lazima awe teja. Anaweza kuwa mwalimu, au shosho mwenye tramadoli ya mgongo. Anakuja amechelewa miezi miwili, na anajibu bila kudanganya kwamba kikohozi kimepungua.

Tayari tulikuwa na onyo. Uchunguzi wa kitaifa wa TB wa mwaka 2016 ulikadiria wagonjwa 426 kwa kila watu 100,000, na ukaonyesha kwamba anayetegemea kikohozi cha wiki mbili peke yake angewakosa karibu nusu ya wenye TB. Eksirei ya kifua iliwanasa wengi zaidi. Hao ni Wakenya wa kawaida, ambao kikohozi chao hakijafungwa mdomo na chochote. Kwa anayetumia unga, kodeini au methadoni, ile afyuni ya kutibu uraibu, mimi simwulizi kikohozi ndipo niamue. Namtafutia eksirei, na makohozi yake yaende kwenye GeneXpert hata kama anasema kifua chake ni kizima.

Nimonia ina mtego wake, na ni mbaya zaidi kwa sababu huko tunahesabu saa, si wiki. Tumefundishwa kwamba mtu mzima anayevuta pumzi mara 30 au zaidi kwa dakika ana nimonia kali. Ni kanuni nzuri. Lakini afyuni inakaa kwenye shina la ubongo, palepale panapoamuru pumzi, na kuipunguza. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamejaa usaha anaweza kuhesabiwa pumzi 14, tukaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Kumbe anapaswa kuwa anahema, na hahemi. Hesabu dakika nzima kwa saa yako, usikadirie kwa sekunde 15 halafu uzidishe. Mvishe kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Tazama mboni: zikiwa kama ncha ya pini, ile pumzi ya utulivu si dalili njema.

Na kwa nini wanapata nimonia nyingi? Mtu aliyezimika hupaliwa na matapishi au mate yakaingia mapafuni. Moshi wa unga huchoma njia za hewa. Afyuni zenyewe hudhoofisha kinga, na hilo si la mateja tu: utafiti wa Tennessee, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliona kwamba waliokuwa wakitumia dawa za maumivu za jamii hii walikuwa na uwezekano zaidi kwa takriban mara 1.6 wa kupata maambukizi makali ya nyumokoka. Juu ya hayo, kwa wanaojidunga nchini Kenya, uchunguzi wa mwaka 2011 ulikuta takriban asilimia 18 wana VVU. Kwa anayejidunga kuna jambo moja zaidi ambalo hupotezwa kwa urahisi: vijidudu vya ngozi hupita kwenye sindano, hukaa kwenye vali ya moyo upande wa kulia, kisha humwaga vipande vya usaha mapafuni. Kwenye eksirei huonekana kama nimonia ya madoadoa pande zote. Msikilize moyo kabla ya kubadilisha antibiotiki ya tatu.

Turudi kwa kijana wetu. Tumpe bahati: eksirei imepigwa, TB imeonekana, amelazwa. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho arosto inaanza. Siku ya pili au ya tatu iko kileleni. Usiku huo anaruka ua. Asubuhi tunaandika kwamba amekataa matibabu. Sidhani amekataa matibabu. Amekimbia maumivu ambayo sisi tulikuwa na uwezo wa kuyatuliza na hatukuuliza. Na tusifikirie kumrudisha kwa polisi. Mwaka 2010 wagonjwa wa TB walifungwa gerezani huko Kapsabet kwa kuacha dawa, na Machi 2016 Mahakama Kuu ikasema kwamba kuwafunga hivyo kulikiuka katiba. Mgonjwa wa kifua katika seli iliyojaa ni aibu kwa daktari kabla hajawa aibu kwa hakimu.

Kinachomshika mgonjwa kitandani ni methadoni, na hapa jiografia inatuumiza. Matibabu ya methadoni yalianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi mapema 2015. Vituo vingi vilivyofuata viko Pwani na Nairobi na viunga vyake, na mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya muuguzi kila siku. Nauli ya kila siku kutoka Mutomo hadi Mombasa haipo. Ndiyo maana simu ni kifaa cha tiba kama stetoskopu: kumpigia muuguzi wa kituo alikosajiliwa, kuthibitisha dozi na siku ya mwisho aliyokunywa, kupanga ahamishiwe karibu na kituo kwa miezi ya kwanza, au kukubaliana nao njia nyingine inayoruhusiwa. Anayesema anakunywa miligramu 80 na hajainywa kwa siku tano, ukimpa 80 papo hapo unaweza kumuua.

Sasa rifampisini. Dawa hii, ambayo bila yake hatuna tiba ya miezi sita, huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huivunja methadoni haraka. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani walieleza kwamba kati ya wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampisini, 21 walipata arosto. Kijana anakuja wiki ya pili na kusema, "Daktari, dawa ya TB inanipa arosto," na sisi tunatazamana tukifikiri anatafuta dozi zaidi. Anasema kweli tupu. Dozi ya methadoni ipandishwe kwa hatua, akichunguzwa kila mara, au rifabutini itumike badala yake pale inapopatikana. Kwa mwenye VVU, efavirenzi nayo huishusha methadoni. Dolutegraviri haiisumbui, ila yenyewe huvunjwa na rifampisini, hivyo hupewa mara mbili kwa siku.

Dozi ikizidi, dawa ya kuizima afyuni ni naloksoni; iwepo wadini, na anayeitumia ajue kwamba nguvu yake huisha ndani ya saa moja hivi, ilhali methadoni bado imo mwilini. Ukimwamsha mgonjwa, usiende kula chakula cha mchana. Ianze kidogo kidogo, hadi apumue. Ukimmiminia yote ataamka katika arosto kali, atapike, na apaliwe tena kwenye mapafu yaleyale.

Jambo la mwisho, na ndilo nimeona likisahaulika hata kwenye miongozo mizuri. Mwezi wa sita wa tiba ya TB umefika, makohozi ni safi, kijana ameongeza kilo, mwaitu ameleta embe. Rifampisini inasimama. Vile vimeng'enya vinatulia polepole, ndani ya takriban wiki mbili, lakini ile dozi ya methadoni tuliyoipandisha bado ni ileile. Sasa inazidi. Kila usiku pumzi inapungua kidogo kuliko jana yake, kwa mtu ambaye faili yake imefungwa na hakuna tena anayemhesabia. Kwa hiyo ile simu ya pili kwa kituo cha methadoni ipigwe kabla ya kidonge cha mwisho, na muuguzi wa TB aendelee kumwona kijana kwa wiki nne baada ya kumpongeza.