Hotuba ya Halmashauri ya Elimu Juu ya Darasa la Kusoma la Jumamosi



Twawaeleza habari za darasa la kusoma la Jumamosi, ambalo ninyi wenyewe mlilianzisha kwa fedha za chama. Katika mkutano wa katikati ya mwaka baadhi yenu mlitaka lifungwe. Hatukukasirika. Mtu aliyetoa fedha yake ana haki ya kuuliza imefanya kazi gani.

Hapo mwanzo watoto walisoma kama tulivyosoma sisi: mwalimu aandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, nao waimba kwa sauti moja hata barabarani wasikika. Ilipendeza. Lakini mwalimu wetu aligundua kwamba akionyesha bu peke yake, mtoto hawezi kuitamka mpaka aanze tena kutoka ba. Alikuwa amehifadhi wimbo tu. Basi mwalimu akaomba ruhusa ajaribu njia nyingine. Alikata maboksi vipande vipande, kila kipande akakiandika silabi moja, akawaketisha watoto wawili wawili wapange maneno. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini mwaka 2015, ulifundisha madarasa ya chini kusoma kwa kufuata sauti za herufi. Na mtaala ulioanza mashuleni Januari 2019, kuchukua mahali pa ule wa 8-4-4 wa tangu 1985, unataka mtoto atende mwenyewe, si kusikiliza tu.

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu. Wimbo ulikwisha, kelele zikaanza. Wazee waliopita dirishani waliona watoto wakigombania vipande vya boksi, wakatuambia twamlipa mwalimu awachezeshe. Nasi, lazima tukiri, tulianza kusitasita, kwa kuwa tulikuwa tukingojea jambo kubwa: mtoto asimame mbele ya mkutano asome kitabu kizima. Hapakuwa na aliyeweza.

Jumamosi moja tulikwenda kuketi nyuma ya darasa, na kwa kweli tulikuwa tukitafuta sababu ya kulifunga. Karibu nasi alikuwako mtoto mmoja ambaye wengi walimwita mzito. Alipanga ku na ku, akasoma: kuku. Kisha akaondoa ku ya pili, akaweka be. Akaitazama, akasema polepole, “Kube.” Akakunja uso. “Kube hakuna. Kuna kobe.” Akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, ko iko wapi?”

Sisi tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alilisimamisha darasa zima, akamwomba mtoto awaeleze wenzake alijuaje kwamba kube si neno. Wote wakampigia makofi matatu, kazi ikaendelea. Baadaye ndipo tulipofahamu. Neno lisilokuwako haliwezi kuwa limehifadhiwa kwa wimbo. Aliyelisoma na kulikataa amesoma kweli. Hata silabi ya ko ilikuwa haijafundishwa bado, naye aliidai.

Mwalimu alituambia kwamba mwezi ule ule alikuwa karibu kurudi kwenye ule wimbo, maana alikuwa peke yake katika kuyaona mambo kama hayo, na sisi tulimletea malalamiko tu. Maneno hayo yalituchoma.

Tangu siku hiyo, kila mkutano wa halmashauri huanza kwa mwalimu kusoma daftari lake: ni nani aliyefanya nini wiki hiyo ambacho hakukiweza kabla. Na si kila kitu kilifaulu. Tuliwahi kutoa peremende kwa kila neno lililosomwa, watoto wakaanza kubahatisha maneno kwa kelele ili wapate tamu, tukaacha. Vipande vya Kiingereza navyo vilitushinda, kwani katika lugha ile herufi moja ina sauti nyingi, nasi twatafuta njia nyingine. Hayo pia yameandikwa.

Wazazi hutuuliza, “Mtoto wangu ni wa ngapi?” Twafahamu. Sisi sote tulilelewa kwa namba hizo. Lakini namba haimwambii mama kwamba mwanawe jana alishindwa na bu na leo ameipata. Ni afadhali mama aambiwe hilo, naye amsifu mtoto kwa hilo hasa, jioni ile ile, kuliko kumwambia kwamba ana akili nyingi.

Twaomba mkutano huu ukubali mwalimu aendelee kulipwa kwa mwaka mmoja zaidi, na ziongezwe fedha kidogo za kununua kalamu za wino mzito; maboksi twapewa bure na wenye maduka. Daftari liko mezani kwa Bwana Katibu. Tafadhali mlitazame kabla ya kupiga kura. Habari ya kobe iko katika ukurasa wa kwanza.