Gari Limfuate Msafiri
Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi kwa wakaazi wa mpakani, Busia



Tumekuja kuzungumzia usafiri wa pamoja, yaani safari ambayo watu wasiojuana huketi katika gari moja na kukabidhi maisha yao kwa dereva mmoja. Polisi tukilitaja jambo hili, mara nyingi hutaja makosa. Leo tumeona vema tuanzie kabla ya kosa: gari lenyewe limeundwaje, na huduma yenyewe imepangwaje?

Mji huu una haki ya kusikilizwa katika shauri hili. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia waliwaona wasafiri wakitembea kwa miguu, mizigo kichwani, kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Wakachukua baiskeli, wakafunga mto wa kukalia juu ya kereya ya nyuma, wakaanza kunadi: boda, boda! Kereya ilikuwa ya mizigo. Wao wakaigeuza kiti cha mtu. Neno hilo leo linatamkwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Vijana wale walianza na haja ya msafiri, kisha wakakitengeneza chombo kiifuate haja hiyo.

Tuyatazame na majina mengine. Matatu ya Kenya ilipata jina lake kwa nauli ya zamani, vipande vitatu vya senti kumi. Mabasi madogo ya Kigali watu waliyaita twegerane, maana yake tusogeleane. Chombo kimoja kimeitwa kwa mpaka, kingine kwa bei, kingine kwa kubanana. Hakuna kilichoitwa kwa usalama, na jambo hilo latupasa kulifikiri.

Basi dogo tunaloliita teksi limeruhusiwa kubeba abiria 14. Mengi ya magari hayo yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na si machache kati yake yaliundwa kubeba vifurushi. Viti vilifungwa baadaye, kwa mkono wa fundi. Fundi hodari hukaza kiti kwenye uti wa gari. Asiye hodari hukitoboa kwenye bati la sakafu tu. Macho ya abiria hayawezi kuona tofauti hiyo. Hata hivyo gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na likisimama ghafla, miili iliyomo huendelea kwa mwendo ule ule. Kiti kikingʼoka, mkanda uliofungwa juu yake haumfai mtu kitu. Kwa hiyo tunawaomba wenye magari wamuulize fundi swali moja kabla ya kumlipa: kiti hiki kimeshikwa na nini?

Tuje kwenye mizigo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama anayetoka soko la mpakani na gunia la mahindi, ndoo ya samaki na mtoto mgongoni hana gari lililomfikiria. Gunia huwekwa njiani katikati ya viti, ndoo miguuni, na mlango mmoja wa pembeni huzibwa. Siku moto ukizuka, watu wote wa ndani hutegemea mlango huo. Gari la njia za mpakani lingefaa kuwa na viti vichache zaidi, na nyuma yake chumba cha mizigo kilichotengwa kwa wavu imara. Nauli ya mzigo ijulikane na ibandikwe, ili mama asibishane na kondakta, wala kondakta asijaribiwe kumpakia mtu wa 18.

Wenzetu wa Katuna wana shida ya namna yake. Uganda twaendesha kushoto. Rwanda huendesha kulia. Basi litokalo Kampala lina mlango upande wa kushoto, na likivuka mpaka, mlango ule hufunguka kuelekea katikati ya barabara. Abiria hushuka mbele ya magari yanayokuja. Hapa dawa ni kituo kilichotengwa kando ya barabara, ambako watu hushukia palipo na uzio na mwanga.

Sasa tuseme juu ya huduma. Dereva wengi hulazimika kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, iwe mvua au jua. Akishaitimiza, kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Mpango huo ndio unaomfanya angoje kituoni hadi gari lijae, kisha akimbie kuifidia saa aliyoipoteza, kisha amwongeze abiria njiani. Faini ni ya haki, nasi tutaendelea kuitoza. Lakini faini haimpunguzii hesabu yake. Penye mshahara na ratiba, sababu ya kukimbia hupungua.

Kigali ilijaribu njia hiyo. Mwaka 2013 jiji liligawa njia zake katika kanda na kuzikabidhi kwa makampuni yenye mikataba. Tangu 2015 abiria hulipa nauli kwa kadi. Foleni za jioni hazikwisha. Hata hivyo abiria alijua ni nani wa kumlalamikia, na huo ni mwanzo wa huduma njema. Vyama vya madereva wa mpakani vyaweza kuanza kwa kidogo zaidi: zamu zinazoondoka kwa saa maalumu nyakati za soko, jina la dereva na namba ya gari vikiwa vimeandikwa ubaoni kituoni.

Kwa vijana wa bodaboda, urithi wenu ni mto ule wa kwanza. Uendelezeni: abiria mmoja, kofia ngumu mbili, na koti lenye namba inayosomeka hata usiku. Binti akipanda pikipiki saa mbili usiku, namba hiyo ndiyo inayompa mama yake usingizi.

Nanyi abiria, msikubali kuketi juu ya mapaja ya mtu kwa sababu giza linaingia. Shukeni wote kwa pamoja. Gari tupu halina faida kwa mtu yeyote. Mkiona hatari barabarani, pigeni 999 au 112. Askari akiwadai fedha zisizo na stakabadhi, njooni kwa mkuu wa kituo mkaseme waziwazi.

Tunapendekeza basi kila chama kichague wajumbe wawili, na akina mama wa soko wachague wawili pia, waketi pamoja nasi kuandika gari na ratiba ambazo mji huu unazihitaji. Tutaupeleka waraka huo kwa mamlaka za leseni ukiwa na sauti yenu. Busia iliwahi kuwafundisha majirani namna ya kumbeba msafiri, na ujuzi huo haujapotea.

Mwende salama, na mfike salama.